Mke wangu anachagua rangi za ukuta, hajui kwamba niliwahi kufilisika

Shikamoo Mama,

Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta. Leo nimekaa ndani ya gari nje ya yadi ya kampuni, zamu yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri, nimesema nisiposema leo sitasema tena.

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, mzaliwa wa Tanga. Niko Texas tangu 2012 na nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Kazi yangu ni udereva wa lori. Mwaka 2021 mizigo hapa ilikuwa inalipa vizuri mno, kila dereva niliyemjua alikuwa anaacha ajira na kujitegemea. Na mimi nikanunua lori lililotumika kwa dola 78,000. Bima peke yake ilikuwa dola 1,500 kwa mwezi, lakini miezi ya mwanzo niliona faida, nikatuma hela nyumbani, nikampaulia mama yangu nyumba kwa bati jipya.

Mwaka 2022 mambo yakageuka. Bei za mizigo zikaporomoka, dizeli ikapita dola 5 kwa galoni. Mwezi wa nane injini ikafa karibu na Amarillo. Nilikaa pembeni ya barabara kwa muda wa saa nne nikisubiri gari la kunivuta, simu mkononi, nikipiga hesabu zisizokubali. Fundi akataka dola 24,000. Nikalipa kwa kadi za mkopo. Baada ya hapo ikawa kulipa kadi hii kwa kadi ile, mpaka zote zikajaa.

Machi 2023 wakili aliniandikia maombi ya kufilisika, yale ya Sura ya 7 ya sheria ya Marekani, ambapo mahakama humfutia mtu madeni. Deni lote lilikuwa dola 112,000. Lori likachukuliwa. Julai mwaka huohuo mahakama ikanitumia karatasi ya kufutiwa madeni. Ile bahasha nimeificha ndani ya boksi la buti za kazi, kabatini. Hakuna mtu anayejua. Mama yangu nilimwambia lori nimeliuza.

Desemba 2024 nikaoa. Mke wangu anafanya kazi ya uuguzi kwenye nyumba ya wazee, ni mwanamke mwenye akili ya maisha na mikono isiyochoka. Sikumdanganya, ila sikumwambia. Sababu ni hii: alipokuwa darasa la sita, nyumba yao ya Moshi ilipigwa mnada kwa sababu ya mkopo wa baba yake. Bado anasimulia jinsi mama yake alivyotoka na sufuria la maharage ambayo hayajaiva, akaliweka juu ya godoro nje, watu wanatazama. Neno lake kubwa ni kwamba mtu wa madeni ni wa kumkimbia. Mimi nikisikia hivyo nanyamaza.

Sasa anataka tununue nyumba. Tunalipa pango dola 1,750 kwa mwezi, anasema tunamjengea mtu mwingine. Ameshaweka akiba dola 11,000, na Aprili ni zamu yake kupokea mchezo, dola 5,000. Ameona nyumba ya dola 280,000 nje kidogo ya Fort Worth. Ameleta kadi za rangi za ukuta kutoka dukani, amezibandika kwenye friji, kila jioni ananiuliza naipenda ipi.

Mwaka juzi nilikwenda kimyakimya kwenye benki moja kuuliza. Kijana wa pale aliangalia kompyuta akaniambia nirudi baada ya miaka saba. Nilitoka nimeinama. Kuna jamaa tunayekutana naye kwenye misiba na harusi, anasema kwa dola 1,500 atanifutia rekodi yote ya kufilisika. Na ndugu yangu, mtoto wa mama mkubwa aliyeko Houston, yuko tayari kuchukua mkopo kwa jina lake, sisi tuishi na kulipa, baadaye atuhamishie. Au nimwambie mke wangu aombe peke yake, kwa kisingizio kwamba nimebadilisha kazi karibuni?

Alama zangu za krediti, zile wakopeshaji wanazompimia mtu jinsi anavyolipa madeni, sasa ni 634, zake 712. Mimi nimeajiriwa tena, napata dola 5,200 kwa mwezi kabla ya makato, yeye 4,300. Deni langu ni gari tu, dola 480 kwa mwezi.

Mama, mtu aliyefilisika anaweza kweli kupata mkopo wa nyumba? Na kama anaweza, mimi naupataje bila kumpoteza mke wangu?

Dereva, Fort Worth

*

Marahaba mwanangu,

Kwanza pole. Pole ya zile saa nne za Amarillo, na pole zaidi ya miaka iliyofuata, maana naona umeibeba bahasha hiyo peke yako kuliko ulivyobeba mzigo wowote wa lori.

Nimesoma barua yako mara mbili. Umeniuliza habari za mkopo, lakini kila njia uliyonitajia, yule jamaa wa kufuta rekodi, ndugu yako wa Houston, mkeo kuomba peke yake, ni njia ya kupata nyumba bila mkeo kujua. Kwa hiyo nina maswali mawili mkononi yaliyosokotwa kama ukili: la benki na la ndani. Nianze na la benki, kwa kuwa nadhani hofu yako nyingi imejengwa juu ya jambo moja uliloambiwa vibaya.

Yule kijana alikwambia miaka saba. Mikopo ya nyumba ya Marekani haiko ya aina moja, na kila aina ina muda wake wa kungoja. Ule unaokatiwa bima na FHA, taasisi ya serikali kuu inayomkinga mkopeshaji mkopaji asipolipa, unataka miaka 2 kwa aliyefilisika kwa Sura ya 7. Mkopo wa kawaida usio wa serikali unataka miaka 4. Na miaka hiyo huhesabiwa tangu siku mahakama ilipokufutia madeni, si siku uliyopeleka maombi, wala siku lori lilipochukuliwa. Kwako ni Julai 2023. Maana yake mlango wa FHA ulifunguka Julai 2025, wewe ukiwa bado umeinamisha kichwa. Mlango wa pili utafunguka Julai 2027. Benki moja moja huongeza masharti yake juu ya hayo, na huenda kijana yule alikuwa anasema ya kwao. Lakini kukataliwa na benki moja, mwanangu, ni kukataliwa na benki moja.

Kinachokaa muda mrefu ni rekodi. Kufilisika kwa Sura ya 7 hubaki kwenye ripoti ya krediti miaka 10 tangu siku ya kupeleka maombi, kwa hiyo wako utaonekana hadi Machi 2033. Kuonekana si kuzuiwa. Afisa wa mkopo ataiona, atakuomba barua fupi ya kueleza kilichotokea, kisha ataangalia umeishije tangu hapo. Hapo una ya kusema: ajira ya kudumu, deni moja la gari, alama 634. FHA inakubali kianzio, yaani pesa ya mwanzo unayotoa mfukoni, cha asilimia 3.5 kwa mwenye alama 580 na kuendelea, na mkiomba wawili wanaangalia alama za yule aliye chini, yaani zako. Ziko juu ya mstari. Mipango mingi ya kusaidia kianzio, ikiwemo ya Idara ya Makazi na Masuala ya Jamii ya Texas, huanzia 620. Huko pia umevuka.

Sasa tushike kalamu, kwa sababu kupewa mkopo na kuuweza ni mambo mawili. Nyumba ya dola 280,000 kwa kianzio cha asilimia 3.5 ni dola 9,800 mkononi. Juu yake kuna gharama za kufunga mkataba, ambazo ni maelfu kadhaa mengine. Kisha FHA inatoza bima ya mwanzo ya asilimia 1.75 ya mkopo, kama dola 4,700, ambayo kwa kawaida huongezwa kwenye deni. Tuchukue mfano wa riba ya asilimia 6.5 kwa miaka 30: mkopo wenyewe ni kama dola 1,740 kwa mwezi. Kodi ya majengo ya Texas si ya mchezo, ukiiweka asilimia 2 ya bei kwa mwaka ni dola 467 kwa mwezi. Bima ya nyumba, na wewe unaijua mvua ya mawe ya huko, tuseme 250. Bima ya kila mwezi ya FHA, karibu 124. Jumla inakaribia dola 2,580, na leo mnalipa 1,750. Tofauti ni zaidi ya dola 800 kila mwezi, kabla bomba halijapasuka wala kiyoyozi hakijafa mwezi wa saba.

Kwa mapato yenu mawili, afisa hatashtuka na namba hiyo. Kwa mshahara wa mkeo peke yake ni asilimia 60 ya anachopata kabla ya makato, na hapo sidhani utampata wa kumkubalia. Kuna jingine ambalo huenda hulijui. Texas ni jimbo ambalo mali na madeni ya ndoa huhesabiwa ni ya wote wawili. Mkeo akiomba mkopo wa FHA hata peke yake, wewe kama mume lazima ripoti yako ivutwe ili madeni yako yajumlishwe. Na mkiomba pamoja, fomu ya maombi inauliza waziwazi kama umetangaza kufilisika katika miaka 7 iliyopita, na kwa Sura ipi. Nataka ulione hilo tukio: mmekaa wawili mbele ya meza, yeye amevaa vizuri kwa ajili ya siku hiyo, afisa anasoma swali kwa sauti. Kwa njia nyingi unazozifikiria, siri hii itasemwa. Kinachobaki mkononi mwako ni itasemwa na nani, na wapi.

Habari ya ndugu yako inanitia hofu kuliko zote, ingawa naamini anatoa moyo wake. Anayechukua mkopo wa FHA husaini kwamba atahamia nyumba hiyo ndani ya siku 60 na kuishi humo angalau mwaka mmoja. Akisaini huku akijua ataishi Houston, amemdanganya mkopeshaji, na sheria ya serikali kuu inaweka adhabu ya hadi miaka 30 jela au faini ya hadi dola milioni moja kwa kosa hilo. Sisemi kila anayefanya hivyo hukamatwa. Nasema wewe una kadi ya ukaazi wa kudumu, na mashtaka ya udanganyifu yanaweza kuigusa kadi hiyo. Weka hata sheria pembeni. Nyumba itakuwa yake. Akipata kesi, akiachana na mkewe, Mungu apishe mbali akifa, mtakuwa wapangaji mnaolipa deni la marehemu. Kama anataka kusaidia, anaweza kuwapa sehemu ya kianzio kama zawadi, kwa barua inayosema haitarudishwa. FHA inaikubali zawadi kutoka kwa ndugu au rafiki wa karibu, mradi njia ya pesa ionekane. Lakini iwe zawadi kweli.

Yule jamaa wa dola 1,500, mwanangu, mwache na misiba yake. Kufilisika kulikoandikwa kwa usahihi hakufutwi na mtu. Kampuni za kusafisha krediti zinakatazwa na sheria kuchukua malipo kabla ya kufanya kazi, na wengine huuza namba mpya ya kutumia badala ya namba yako ya hifadhi ya jamii, jambo ambalo litakupeleka pabaya kuliko ulikotoka. Kinachoweza kusahihishwa ni makosa, na hicho unakifanya mwenyewe bure. Chukua ripoti zako tatu za mashirika yanayotunza rekodi za krediti, Equifax, Experian na TransUnion, kwenye annualcreditreport.com. Pitia deni moja moja kati ya yaliyofutwa. Kila moja linatakiwa lionyeshe salio sifuri na maelezo kwamba liliingia kwenye kufilisika. Mara nyingine utakuta kadi iliyofutwa bado inaonyesha unadaiwa, na hilo huzishusha alama na kuzidisha hesabu ya madeni yako. Ukiona kosa, liandikie shirika husika pingamizi na uambatishe ile karatasi ya mahakama; kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Unaona jinsi bahasha ya kwenye boksi la buti inavyohitajika?

Na mchezo wa mkeo. Dola 5,000 zikiingia benki ghafla, afisa atauliza zimetoka wapi, kwa sababu anasoma taarifa za benki za miezi ya karibuni na kila kiasi kikubwa kinahitaji maelezo. Waambie akina mama wa mchezo walipe kwa njia inayoacha alama, na daftari la zamu litunzwe. Hili ni dogo, lakini nimeona watu wamekwama hapo.

Kuna hatari moja ambayo katika barua yako hukuigusa, nami sitaki kuipita haraka. Mtu aliyefutiwa madeni kwa Sura ya 7 hawezi kufutiwa tena kwa njia hiyo hadi ipite miaka 8 tangu maombi ya kwanza. Kwako ni Machi 2031. Kati ya sasa na hapo, mwavuli uliokukinga 2023 haupo. Ukinunua nyumba mwaka huu na akiba yote ikaishia kwenye kianzio, kisha kazi ikayumba, mtaikabili mvua bila kitu kichwani. Sisemi hili kukuzuia. Wapo walionunua miaka 2 baada ya kufilisika na wako salama, tena thamani ya nyumba imewapandia. Wapo pia walioamua kungoja mlango wa 2027: mwaka mmoja na nusu wa kuongeza akiba, alama kupanda, na bima ya mkopo wa kawaida inayoweza kuondolewa deni likishuka hadi asilimia 80 ya thamani, wakati ile ya FHA kwa kianzio kidogo hukaa maisha yote ya mkopo mpaka ubadilishe mkopo. Anayengoja naye ana hatari yake, bei na riba hazimngoji mtu. Kati ya hizo mbili, mimi siwezi kukuchagulia. Mshauri wa nyumba aliyeidhinishwa na wizara ya makazi, HUD, atawapigia hesabu kwa gharama ndogo au bure kabisa, nyote wawili mkiwa mmekaa naye.

Nimesema wawili. Sasa twende kwa mkeo.

Unasema akijua atakukimbia, kwa kuwa ndivyo asemavyo juu ya watu wa madeni. Nakuuliza: anaposimulia lile sufuria la maharage, ni nini hasa kinachomuuma? Ni deni? Au ni kwamba mama yake alilijua siku ileile waliyotolewa vyombo nje, pamoja na majirani? Mimi simjui mkeo, wewe ndiye unayelala naye chini ya paa moja. Lakini sufuria lililokuwa bado motoni linaniambia mama yule hakujua. Kama nimesoma sawasawa, basi anachokiogopa ni mume anayejua jambo na kunyamaza, na hapo ukimya wako unaotaka kumlinda ndio unaofanana na baba yake. Inawezekana nimekosea. Muulize siku moja, taratibu, akusimulie tena, na safari hii usinyamaze tu, msikilize.

Na jingine. Baba yake alipoteza nyumba ya familia. Wewe ulipoteza lori, kabla hujaoa, katika mwaka ambao bei za mizigo ziliangusha wengi, ukaenda mbele ya sheria ya nchi, ukajibu maswali chini ya kiapo, ukamaliza kozi mbili za fedha ambazo mahakama inadai, ukarudi kazini. Hayo si mambo yaleyale, ingawa katika kichwa chako umeyaweka kwenye boksi moja. Mama yako bado analala chini ya bati ulilonunua.

Sikuahidi kwamba atalipokea vizuri. Anaweza kulia, anaweza kukasirika, na hasira yake huenda isiwe ya dola 112,000, iwe ya mwaka mzima na zaidi wa kutokuambiwa. Hiyo utalazimika kuivumilia bila kujitetea haraka. Kama unaogopa kuongea ninyi wawili tu, mtafute mtu mzima mmoja mnayemheshimu wote, awepo. Ila chagua siku ambayo hakuna anayewahi zamu, wala si usiku wa kuamkia miadi na afisa wa mkopo. Toa bahasha, iweke mezani, mwache aisome mwenyewe mpaka mwisho. Kisha mwonyeshe hesabu hizi, za sasa na za 2027, ili aone humwachii shimo, unamwomba mpange pamoja. Akiba ile ni jasho lake zaidi ya lako. Ana haki ya kusema tununue, au tungoje, au nipe muda nifikiri.

Ukishasema naye, niandikie, liwe zuri au baya. Na zile kadi kwenye friji, mwanangu, kila jioni anakuuliza, na hata mimi hukuniambia: rangi gani unaipenda?